Kufuga Kuku Nyuma ya Nyumba Katika Baridi ya Minnesota: Mwongozo Kamili wa Mwaka Mzima

Kuku mzima mwenye manyoya kamili ana joto la mwili la nyuzi 41 hivi za Selsiasi, na amevaa nguo mbili kwa pamoja: manyoya laini ya ndani yanayonasa hewa yenye joto, na manyoya magumu ya nje yanayokinga upepo. Akiwa mkavu, ameshiba na hapigwi na upepo, kuku wa aina inayofaa huvuka usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri bila taa wala hita. Akilowa, au akilala katika banda lililozibwa mpaka kuta zikatoka jasho, atadhurika hata nyuzi zikiwa 5 tu chini ya sifuri. Karibu kila ushauri ulioko hapa chini unatokana na jambo hilo moja: katika nchi ya theluji, adui wa kwanza wa kuku ni unyevu, na baridi hupata nguvu pale unyevu ulipotangulia.

Ninaandika kutokana na kufuga katika kitongoji cha Minneapolis, mji wa jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ambako wastani wa baridi ya usiku wa Januari ni karibu nyuzi 13 chini ya sifuri, na ambako mwishoni mwa Januari 2019 kipimo kilishuka hadi takriban 33 chini ya sifuri. Nilikulia Njombe, kusini mwa Tanzania, mahali ambapo jalidi hulala juu ya majani asubuhi za Juni na Julai, nikadhani naijua baridi. Kuku wa nyumbani walinifundisha mengi yanayofaa hata huku, lakini mambo machache niliyoyachukulia kuwa ya kawaida ilinibidi niyajifunze upya, na hayo ndiyo nitakayoyaeleza kwa kirefu.

Anza na sheria za mji wako

Kila mji na kitongoji kina sheria zake ndogo, na zinatofautiana hata kati ya miji inayopakana. Piga simu ofisi ya mji kabla ya kununua hata kifaranga kimoja, uulize mambo matano: idadi ya kuku inayoruhusiwa, kama jogoo anaruhusiwa (mara nyingi haruhusiwi), umbali wa banda kutoka mpaka wa kiwanja na nyumba ya jirani, kama banda lenyewe linahitaji kibali cha ujenzi, na kama kuchinja nyumbani kunakubaliwa. Mpangaji apate ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Kukosa jogoo hakuzuii mitetea kutaga. Mayai yao hayataanguliwa tu.

Idadi nzuri ya kuanzia ni kuku wanne hadi sita. Wawili ni wachache mno, kwa sababu kuku hupashana joto kwa kubanana usiku, na mmoja akifa yule aliyebaki hukaa peke yake katikati ya majira ya baridi, wakati ambao ni vigumu kumpatia mwenzake.

Chagua kuku kwa kutazama upanga wake

Sehemu ya mwili wa kuku inayogandwa mapema zaidi ni upanga, yaani ile nyama nyekundu ya kichwani, zikifuatiwa na zile ndevu nyekundu zinazoning'inia chini ya mdomo, kisha vidole. Upanga mrefu uliosimama una damu nyingi iliyo mbali na kichwa na hauna unyoya hata mmoja wa kuufunika. Kwa hiyo tafuta kuku wenye upanga mdogo au uliolala. Wyandotte ana upanga bapa unaolala kichwani. Buckeye, aliyezalishwa Ohio, na Brahma, mwenye manyoya hadi miguuni, wana upanga mdogo sana. Anayefaa kuliko wote kwa mazingira haya ni Chantecler wa Kanada. Mtawa Wilfrid Châtelain wa monasteri ya Oka, Quebec, alianza kumzalisha mwaka 1908 akitafuta kuku wa kutaga wakati wa baridi, na upanga aliompa ni kama kifungo cha shati kilichobandikwa juu ya mdomo.

Plymouth Rock, Orpington na Australorp wana upanga uliosimama, lakini miili yao ni mizito na manyoya yao ni mengi, nao hustahimili vizuri banda likiwa kavu. Leghorn hutaga kuliko hao wote, ila upanga wake mkubwa humgharimu. Silkie, mwenye manyoya kama pamba, hulowa haraka kwa sababu manyoya yake hayasukumi maji. Msomaji anayependa kuchi, mrefu wa shingo na mwepesi wa manyoya, au kishingo, ambaye kwetu husifiwa kwa kuvumilia joto, ajue kwamba sifa hiyo hiyo huku ni udhaifu.

Jenga banda linalopumua

Elekeza mlango na madirisha kusini, jua lipate kuingia, na mgongo wa banda uupe upande wa kaskazini-magharibi, unakotoka upepo mkali zaidi. Chagua sehemu iliyoinuka kidogo, kwa sababu theluji ikiyeyuka mwezi Machi na Aprili maji hutuama kila penye bonde. Ndani, kila kuku apate angalau nusu mita ya mraba, maana kuna siku nyingi ambazo hatatoka, na kuku waliobanana wakiwa hawana la kufanya huanza kudonoana mpaka damu. Kwa hiyo kuku sita wanahitaji banda la mita moja na nusu kwa mbili, pamoja na uwanja wa nje uliozungushiwa waya, wa mita moja ya mraba au zaidi kwa kila mmoja.

Sasa suala la hewa, ambalo ndilo linalowashinda wengi. Kuku mmoja hunywa karibu robo lita ya maji kwa siku. Kuku sita hunywa lita moja na nusu, na ukiondoa kiasi kidogo kinachoingia katika yai, maji hayo yote hurudi kama pumzi na kinyesi, ambacho robo tatu yake ni maji. Usiku wa Desemba una zaidi ya saa 15, na muda huo wote kuku wamo ndani. Maji hayo yasipopata pa kutokea, hupanda na hewa ya joto, hugusa dari yenye baridi, huganda, kisha huyeyuka na kudondoka juu ya migongo ya kuku.

Katika mwaka wangu wa kwanza niliziba matundu yote kwa mablanketi ya zamani na kupigilia plastiki juu ya madirisha, nikiamini nimewatendea wema. Asubuhi moja ya Januari nilifungua mlango nikakuta dari imekuwa nyeupe kama iliyopakwa unga, kioo cha dirisha kimeshika barafu upande wa ndani, na harufu ya amonia, gesi kali itokayo kwenye kinyesi, ikanichoma macho kabla sijaingiza mguu wa pili. Mtetea aliyekuwa amelala kwenye kona alikuwa na ncha tatu za upanga zilizogeuka rangi ya majivu. Baada ya wiki moja zilikuwa nyeusi, na mwezi uliofuata zilianguka. Nje siku ile ilikuwa nyuzi 14 chini ya sifuri tu, baridi ambayo kuku yule yule amekuwa akiivuka salama kila mwaka tangu nilipoondoa mablanketi.

Weka basi matundu ya hewa juu, chini ya mapaa, katika pande mbili zinazotazamana, yawe angalau sentimita 30 juu ya vichwa vya kuku wakiwa wamelala. Kipimo ninachokitumia ni tundu la sentimita 30 kwa 30 kwa kila kuku, yote yakiwa na vifuniko vya bawaba na waya mgumu. Dhoruba ikija, funga matundu ya upande upepo unakotoka, lakini usifunge yote hata usiku mmoja. Joto litakalopotea kwa njia hiyo ni dogo ukilinganisha na madhara ya unyevu utakaobaki.

Hewa inayotembea juu ya kuku ni njema. Hewa inayowapuliza ni mbaya. Ili kutofautisha, funga unyoya mmoja kwa uzi mwembamba, uuning'inize usawa wa fito za kulalia usiku wenye upepo, kisha umulike kwa tochi. Unyoya ukitulia, umejenga vizuri. Ukichezacheza, kuna ufa chini unaopaswa kuzibwa. Alfajiri, kabla ya kufungua chochote, ingiza kichwa mpaka usawa wa kuku na unuse. Ukisikia amonia, kuku wameivuta usiku kucha, na mapafu yao ni mepesi kudhurika kuliko yako.

Fito za kulalia ziwe mbao ya inchi mbili kwa nne iliyolazwa upande mpana ukiwa juu. Kuku akikalia mbao pana, vidole vyake hulala bapa na manyoya ya tumbo huvifunika vyote; akikalia ufito mwembamba, vidole huuzunguka na ncha zake hubaki nje usiku kucha. Usitumie bomba la chuma. Mpe kila kuku sentimita 25 hadi 30, na weka fito zote kimo kimoja, kama sentimita 60 kutoka chini, ili wasigombanie ile ya juu. Viota viwe chini zaidi ya fito, la sivyo watalala humo na kuvichafua. Kiota kimoja cha sentimita 30 kwa 30 kinatosha mitetea minne.

Wanyama wa usiku

Nyumbani tulihofia kicheche na mwewe. Huku wapo mbweha, bundi, mwewe, wanyama jamii ya kicheche wanaopenya tundu la sentimita mbili na nusu, na rakuni, mnyama wa porini wa Amerika, ambaye vidole vyake hufungua komeo la kawaida kama mtoto wa shule. Ule waya mwembamba wa pembe sita unaouzwa kwa jina la waya wa kuku huwazuia kuku wasitoke, lakini haumzuii rakuni kuingia, kwani huuchana kwa mikono. Tumia wavu wa chuma wenye matundu ya nusu inchi, uukaze kwa skrubu na washa pana, kisha ulaze kipande cha sentimita 30 hadi 60 chini kuzunguka banda ili anayechimba akutane na waya. Mlango uwe na kufuli au komeo linalohitaji vitendo viwili.

Theluji huleta matatizo mawili ya ziada. Kwanza, ikirundikana kando ya uzio huwa ngazi kwa mbweha, kwa hiyo ikokote mbali na waya. Pili, wavu uliotandazwa juu ya uwanja hushika theluji yenye maji na kuanguka kwa uzito; ezeka uwanja kwa bati la plastiki linalopitisha mwanga, lenye mteremko wa kutosha.

Vifaranga waingie Aprili

Posta ya Marekani imekuwa ikisafirisha vifaranga wa siku moja tangu mwaka 1918, nao hufika wazima kwa sababu kiini cha yai walichokifyonza kabla ya kuanguliwa huwalisha kwa takriban siku tatu. Agiza wafike Aprili na uombe wachanjwe ugonjwa wa Marek, ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku, kwenye kituo cha kutotolea, kwani chanjo hiyo hutolewa siku ya kwanza. Bruda, yaani sanduku la joto la kulelea vifaranga, liwe na nyuzijoto 35 wiki ya kwanza, kisha upunguze nyuzi 3 kila wiki. Vifaranga wakijikusanya chini ya joto na kulia, wanaona baridi. Wakijitenga kingoni na kutweta, wamezidiwa na joto. Wakiwa na wiki sita hadi nane wana manyoya kamili, nao huhamia bandani nyakati za Juni ambapo usiku umeshakuwa na joto.

Sababu ya kuchagua Aprili ni hesabu ya mbele. Tembe, yaani mitetea michanga, wengi huanza kutaga wakiwa na wiki 18 hadi 22, yaani mwishoni mwa Agosti na Septemba, kabla siku hazijawa fupi mno. Tembe aliyeanza kutaga kabla ya giza la Novemba mara nyingi huendelea msimu wake wa kwanza wa baridi, ilhali aliyeanguliwa Julai huenda asitage mpaka Machi. Walishe chakula cha vifaranga hadi wafikie umri wa kutaga, kwa kuwa chokaa nyingi iliyomo katika chakula cha mitetea hudhuru figo za kuku mchanga.

Kazi za Oktoba

Oktoba ndiyo mwezi wa kazi nyingi kuliko yote, kwa sababu ardhi ikishaganda hakuna kigingi kinachoingia.

Safisha banda lote, liache likauke kwa jua, kisha tandaza maranda makavu ya msonobari kwa kina cha sentimita 15. Usitumie maranda ya mwerezi, maana mafuta yake hukera njia ya hewa. Hutayatoa tena mpaka machipuo. Kila wiki au mbili ongeza tabaka jipya na umwage konzi ya nafaka juu yake. Kuku wenyewe wataligeuza kwa kupekua, na kufikia Februari kina kitakuwa kimefika sentimita 30. Matandazo mazito ya namna hii hunyonya unyevu, huoza polepole na kutoa joto kidogo chini. Kipimo chake ni mkono: kamata konzi moja na uiminye. Ikishikamana kama tonge la ugali, imelowa; toa sehemu hiyo na uweke maranda makavu. Chini ya fito mimi huweka ubao wa kukusanyia kinyesi, kwa kuwa kinyesi kingi huanguka usiku. Asubuhi za baridi kali huwa kimeganda kama mawe na hutoka kwa kukwangua mara moja, kikaondoka na maji yake yote kabla hayajapata nafasi ya kuyeyuka ndani.

Zungushia uwanja wa nje plastiki ngumu inayopitisha mwanga katika pande tatu, ukiacha sentimita 30 wazi juu. Kuku wengi hukataa kukanyaga theluji, lakini hutoka kwa furaha penye mabua makavu ya ngano yaliyotandazwa chini na jua likipenya. Jaza pia sanduku la udongo mkavu, mchanga na majivu ya kuni wakati udongo bado unachimbika, kwa ajili ya kuogea vumbi.

Usishtuke ukiona kuku wakinyonyoka manyoya miezi hiyo. Huo ni utaratibu wao wa kila mwaka baada ya mwaka wa kwanza. Kutaga husimama, na nguvu yote huenda katika manyoya mapya, ambayo kwa sehemu kubwa ni protini. Kwa wiki hizo wape chakula chenye protini ya asilimia 18 hadi 20. Kuku anayeingia Desemba akiwa na migongo wazi ndiye wa kuangaliwa kwa karibu.

Maji

Kuku anayekosa maji huacha kula, na asiyekula hana kuni za kujipashia joto. Kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, beseni la maji huganda juu ndani ya saa moja au mbili. Palipo na umeme, nunua chombo chenye hita ndogo iliyojengewa ndani, inayojiwasha baridi ikifika kiwango cha kugandisha. Waya uwe wa matumizi ya nje, na soketi iwe ile inayokata umeme yenyewe maji yakiigusa. Pasipo umeme, tumia mabeseni mawili ya mpira mweusi kwa zamu: moja likiwa kwa kuku, jingine likiyeyusha barafu ndani ya nyumba. Mpira haupasuki, ukilipindua beseni na kulikanyaga, barafu hutoka kama mkate kwenye kikaango.

Weka maji uwanjani, na ndani ya banda usiyaweke, ili usiongeze unyevu. Chagua chombo chenye mdomo mwembamba, kwa maana katika beseni pana ndevu za kuku huchovya majini kila anapokunywa, kisha huganda. Usitie chumvi majini ili yasigande, na kamwe usikaribishe karibu na kuku kile kimiminika cha rejeta ya gari, ambacho ni sumu kali.

Chakula

Mtetea hula gramu 115 hadi 120 kwa siku wakati wa hali ya kawaida, na hula zaidi baridi ikikaza. Mfuko wa ratili 50, yaani kilo 22.7, huwatosha kuku sita kwa mwezi mmoja hivi. Januari utaisha mapema, na hiyo ni dalili njema. Acha chakula kamili cha kuku wanaotaga, chenye protini ya asilimia 16 au zaidi, kiwepo mchana kutwa. Saa kumi alasiri, kabla hawajapanda fito, mimi humwaga konzi moja moja ya mahindi yaliyoparazwa, maana kuyameng'enya usiku huwapa joto. Yasizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku, kwani mahindi hunenepesha na hayana protini ya kutosha.

Weka pia changarawe katika kikopo, kwa sababu firigisi husaga kwa mawe na ardhi iliyofunikwa na theluji haina mawe ya kuokota, na kikopo kingine chenye maganda ya chaza yaliyopondwa kwa ajili ya gamba la yai. Kabichi nzima iliyoning'inizwa kwa kamba huwapa kuku shughuli siku ambazo hawatoki. Ukoko wa ugali wanaupenda mno, na hauna ubaya kwa kiasi. Wasipewe kitu chenye ukungu, chumvi nyingi, maganda ya parachichi, wala maharage makavu ambayo hayajapikwa.

Mwanga na mayai

Siku ya Desemba 21 jua la Minneapolis huchomoza inapokaribia saa mbili asubuhi na kutua saa kumi na nusu jioni; ni mwanga wa chini ya saa 9. Mtetea huhitaji saa 14 hadi 16 ili aendelee kutaga vizuri. Kupungua kwa mayai kunatokana na mwanga zaidi ya baridi, jambo ambalo mtu aliyekulia karibu na Ikweta si rahisi alifikirie, kwa sababu kwetu siku za mwaka mzima zinakaribiana.

Una njia mbili, na zote ni halali. Ya kwanza ni kuwaacha wapumzike mpaka Februari. Ya pili ni kuweka taa ndogo yenye saa ya kuiwasha na kuizima yenyewe, ukiongeza nusu saa kila wiki mpaka mwanga ufikie saa 14. Iongeze upande wa alfajiri. Ukiiongeza jioni, taa itazimika ghafla na kuku watakaokuwa bado chini hawataiona fito. Kuku walio katikati ya kunyonyoka usiwawashie kabla manyoya hayajarudi. Mimi huwasha kwa ajili ya kuku wa umri mdogo tu, na wakubwa huwaacha walale, kwa kuwa nyumba yetu haitegemei mayai hayo.

Yai huganda na kupasuka likiachwa kiotani, kwa hiyo okota mara tatu kwa siku. Lililopasuka likiwa safi na utando wa ndani ukiwa mzima lipikwe siku hiyo hiyo mpaka liive kabisa, lililochafuka litupwe.

Kuhusu taa za joto

Taa ya joto ya wati 250 juu ya maranda makavu, katika chumba cha mbao chenye vumbi la manyoya na kuku wanaopiga mabawa, ni moto unaongoja usiku wake. Mabanda huungua kila majira ya baridi kwa sababu hiyo, na mara nyingine moto hufika mpaka nyumba ya watu. Zaidi ya hayo, kuku waliozoea joto la taa hawaoti manyoya ya kutosha, na umeme ukikatika wakati wa dhoruba hupatwa na baridi ya ghafla ambayo miili yao haikujiandaa nayo. Ninawaomba wafugaji wenzangu kwa moyo wangu wote wasiitundike taa hiyo katika banda la kuku wazima. Kama una kuku mzee au mgonjwa, mlete katika gereji au chumba cha chini, pasipo na joto kali, mpaka apone.

Siku za nyuzi 29 chini ya sifuri

Taarifa za hewa huku husomwa kwa Farenhaiti; ukisikia 20 chini ya sifuri kwa kipimo hicho, ni 29 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Siku hizo ongeza mahindi ya jioni, badilisha maji kila saa chache, na uwatazame kuku mmoja mmoja wakiwa kwenye fito. Kuku aliyejikunyata na kufutua manyoya anajipasha joto vizuri. Anayesimama mguu mmoja mmoja kwa zamu mchana ana vidole vinavyopoa. Mlegevu, asiyekuja kwenye chakula, mwondoe mara moja.

Sehemu iliyogandwa huanza kuwa nyeupe au ya majivu, kisha huvimba, na ikiharibika kabisa huwa nyeusi. Usiisugue, wala usiielekezee hewa ya moto. Vidole vichovye katika maji ya vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, kisha vikaushe kwa kugusa tu. Usimrudishe kuku nje usiku ule, maana sehemu iliyoyeyuka ikiganda tena hupotea. Ncha nyeusi ya upanga usiikate, kwa sababu hufunika nyama inayopona chini yake. Wapo wanaopaka mafuta mazito ya vaselini kabla ya baridi. Sioni ubaya wake, ila banda lenye unyevu halitaokolewa na mafuta.

Utitiri na magonjwa

Wengi hudhani baridi huua wadudu. Utitiri wa kaskazini, ambao huishi juu ya mwili wa kuku maisha yake yote, hustawi zaidi miezi ya baridi. Mara moja kwa mwezi, usiku, mshike kila kuku na ufunue manyoya yaliyo chini ya mkia kwa tochi. Ukiona manyoya yamekuwa kama yenye uchafu wa mafuta na vijidudu vidogo vinatembea mpaka mkononi mwako, tumia dawa iliyoandikwa kuwa ni ya kuku wa mayai, kwa kiasi kilichoelezwa kwenye kibandiko, na urudie kama kilivyoagiza.

Kwetu ugonjwa unaotisha ni kideri. Huku hofu kubwa ni homa ya mafua ya ndege. Minnesota huongoza Marekani kwa kufuga batamzinga, na mwaka 2015 ilipoteza ndege wanaofugwa karibu milioni 9. Homa hiyo ilirudi mwaka 2022, safari hii kwa virusi vya H5N1. Hubebwa na bata na mabata bukini wa porini, ambao hupita kwa makundi wakati wa machipuo na wakati wa mapukutiko. Tenga viatu vya bandani ambavyo haviendi popote pengine, ezeka uwanja, weka chakula pasipofikiwa na ndege wa porini, na usiende kwa kuku ukitoka ziwani. Kuku kadhaa wakifa ghafla bila dalili, au upanga ukiwa wa zambarau na vichwa kuvimba, usiwachinje wala kuwazika kwa siri. Wapigie Bodi ya Afya ya Wanyama ya Minnesota. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila watokapo bandani, kwani kuku mwenye afya njema anaweza kubeba salmonela, bakteria wanaowaharisha watu.

Aprili, banda likifunguliwa

Wiki za theluji kuyeyuka ndizo zenye matope na unyevu mwingi kuliko zote, na mfugaji aliyechoka hujikuta akilegea wakati huo. Ondoa plastiki ya uwanjani upepo upite, ongeza maranda ya mbao mazito penye matope, na ukague miguu ya kuku kama ina vidonda.

Kisha toa matandazo yote ya majira ya baridi. Usiyapeleke moja kwa moja kwenye bustani ya Mei, kwa maana kinyesi kibichi huunguza mizizi na hubeba vijidudu. Kanuni inayotumika katika kilimo hai Marekani ni kwamba samadi mbichi iwekwe angalau siku 120 kabla ya kuvuna zao linalogusana na udongo, na siku 90 kwa yale yasiyogusana nao. Hapa Mei hadi mwisho wa Agosti ndiyo karibu msimu wote. Mimi huyalundika penye kona, huyageuza kila wiki mbili majira yote ya joto, na huyatandaza kwenye matuta Oktoba, siku ile ile ninapoweka maranda mapya bandani, ili kufikia wakati wa kupanda sukuma wiki na mchicha yawe yamekuwa udongo mweusi usio na harufu.